Simu inasema imejaa: kabla hujafuta picha za watoto, pima kwanza

Ujumbe wenyewe unajulikana: nafasi ya kuhifadhi inakaribia kuisha. Baada ya hapo kamera inagoma, WhatsApp inakataa kushusha video uliyotumiwa, Play Store haisasishi chochote, na simu nzima inakuwa nzito kama imemwagiwa asali. Wengi wakifika hapo hukimbilia galari na kuanza kufuta picha moja moja. Wanafuta mia, simu inapumua siku mbili, ujumbe unarudi.

Unarudi kwa sababu kilichofutwa sicho kilichojaza. Picha ya kamera ya simu ya kawaida ina MB 2 hadi 4, kwa hiyo picha mia ni kama MB 300. Muvi moja iliyotafsiriwa, iliyorushwa kwenye grupu kama faili, inaweza kufika MB 700 peke yake, na mwenye simu mara nyingi hajui hata imekaa folda gani. Utafuta harusi ya dada yako yote, muvi bado ipo.

Ninayoyaandika hapa ni ya simu za Android za hifadhi ndogo, GB 16, 32 na 64, ndizo zinazosumbua watu wengi. Wenye iPhone wana kipande chao kule chini.

GB 32 za kwenye boksi

Boksi likiandikwa 32+2, namba kubwa ni hifadhi, ndogo ni RAM, yaani sehemu ya muda ambayo programu zilizo wazi hufanyia kazi. Mtaani vyote viwili vinaitwa memori, na mkanganyiko unaanzia hapo. Kufunga programu zilizo wazi kunaipunguzia RAM mzigo, lakini hakuongezi hata KB moja ya hifadhi.

Hizo GB 32 nazo hazifiki kwako zote. Mtengenezaji anahesabu GB 1 kuwa baiti 1,000,000,000, Windows inahesabu 1,073,741,824, ndiyo maana chipu ya GB 32 ikihesabiwa kwa kipimo cha kompyuta inasoma 29.8. Hujaibiwa hapo. Kinachokula kweli ni Android yenyewe pamoja na programu za kiwandani: GB 8 hadi 15, kutegemea toleo na kampuni. Kwenye simu ya GB 32 unabaki na GB 20 hivi za kwako. Kwenye ya GB 16 ni kama chumba na sebule ambacho sebule amekaa mwenye nyumba.

Android kwa kawaida hutoa onyo ikibaki asilimia 5 ya hifadhi au MB 500, kutegemea ipi ni ndogo. Kwa GB 32 ni hiyo MB 500. Ndipo watu wanapouliza: nina MB 400, programu ni ya MB 80, mbona inakataa? Inakataa kwa sababu kifurushi kinashushwa kwanza, kisha kinafunguliwa, kisha programu inaandaliwa kwa ajili ya prosesa ya simu yako, na wakati huo wote toleo la zamani bado limekaa pale pale likisubiri jipya likamilike. MB 80 zinahitaji nafasi ya mara kadhaa, na mfumo haukubali kuigusa akiba yake ya mwisho.

Uzito nao una sababu. Hifadhi ya simu ni chipu ya flashi, na chipu ya aina hiyo haiwezi kuandika juu ya kilichokuwepo. Lazima ifute kwanza, na haifuti faili moja moja, inafuta bloku nzima. Ikiwa na nafasi, inaandika kwenye bloku tupu na kufanya usafi baadaye simu ikiwa imetulia. Ikijaa, kila unapopiga picha inabidi ihamishe vipande vizima kutoka bloku moja kwenda nyingine, ifute, ndipo iandike. Hicho ndicho unachokiona simu ikiganda. Acha wazi angalau asilimia 10. Kwenye GB 32 hizo ni GB 3 na ushee.

Kupima

Ingia Mipangilio, kisha Hifadhi, subiri simu imalize kuhesabu. Utaona mafungu: programu, picha, video, sauti, nyaraka, mfumo. Angalizo moja: fungu la video na la picha linachanganya za kamera na za WhatsApp. Ukiona Video GB 9 usianze kujilaumu kwamba unarekodi sana.

Bonyeza fungu la programu, panga kwa ukubwa, fungua tano za juu. Kila moja ina namba tatu: programu yenyewe, data yake, na akiba yake, ile ambayo simu zilizo kwa Kiingereza huiita "cache". Tuseme TikTok inasoma programu MB 350, data MB 600, akiba GB 2. Hapo umeshajua kwamba GB 2 zinatoka kwa kubonyeza mara moja bila kupoteza kitu. Programu nyingine ikisoma akiba MB 20 na data GB 3, kufuta akiba ni kupoteza muda. Data ndiyo tatizo, na data haifutwi ovyo.

Baada ya hapo fungua Files ya Google, ambayo simu nyingi zinakuja nayo. Ingia hifadhi ya ndani, panga faili kwa ukubwa. Dakika mbili hizi zinamaliza ubishi mwingi: muvi, video ya mahubiri ya saa nzima, kifurushi cha APK (faili la kusakinishia programu) ulichotumiwa na rafiki mwaka juzi, vyote vinajipanga mstari wa mbele.

Kama simu imejaa hadi haitaki kufanya lolote, usianze na vipimo. Ondoa programu moja kubwa inayorudishwa kwa urahisi, au gemu, zima simu, iwashe, kisha endelea. Mfumo unahitaji pa kukanyaga kabla ya kukusaidia kufuta.

WhatsApp, kwa kirefu

Simu kumi zilizojaa, nyingi kati yake mzigo uko hapa. Kwenye Android 11 na kuendelea, folda yake inapatikana kwa njia hii: Android, kisha media, kisha com.whatsapp, kisha WhatsApp. Ya biashara inaitwa com.whatsapp.w4b. Ndani yake kuna mbili za kuangalia, Media na Databases.

Ndani ya Media kuna WhatsApp Video, WhatsApp Images, WhatsApp Documents, WhatsApp Audio, WhatsApp Voice Notes na nyingine ndogo. Hazilingani uzito hata kidogo, na hapa ndipo watu wanapokosea mahesabu. Chukua grupu la kamati ya harusi au la ukoo. Picha za "asubuhi njema" thelathini kwa siku, kila moja KB 150, hazifiki MB 5. Zinakera, lakini hazijazi. Video kumi kwa siku, kila moja MB 8, ni MB 80 kwa siku, yaani GB 2.4 kwa mwezi kutoka grupu moja tu. Una magrupu mangapi?

Sauti nazo watu wanazifuta bure. Dakika moja ya ujumbe wa sauti ni KB 100 na kitu, mia mbili ikizidi. Ujumbe elfu moja wa dakika mojamoja hauzidi MB 200, chini ya theluthi ya ile muvi. Sauti ya mama yako ya mwaka juzi iache ilipo.

Njia salama ya kufuta ni kupitia WhatsApp yenyewe, siyo galari. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kisha kusimamia hifadhi. Juu kabisa kuna visanduku viwili: faili zinazozidi MB 5, na zilizosambazwa mara nyingi. Fungua cha MB 5, panga kwa ukubwa, chagua, futa. Cha zilizosambazwa mara nyingi unaweza kukifuta chote macho yamefumba. Hakuna picha ya familia yako iliyosambazwa mara nyingi, na kama ipo una tatizo jingine. Chini yake kuna orodha ya mazungumzo kwa uzito. Ingia matatu ya juu, mengine yapuuze.

Kisha rudi kwenye folda. WhatsApp Video, Images na Documents, kila moja ina folda ndogo inaitwa Sent. Ni nakala za ulivyotuma wewe. Picha uliyopiga ikiwa DCIM, folda ya kamera, halafu ukaituma, sasa ipo mara mbili: ya asili na iliyobanwa. Kwa mfanyabiashara anayetuma video za bidhaa kila siku, Sent peke yake inaweza kupita GB kadhaa. Ukiifuta, video ile haitafunguka tena ukiibonyeza ndani ya mazungumzo, ila ya asili ipo kwenye kamera. Hakikisha ipo kweli kabla hujafuta.

Databases ina faili za msgstore, yaani nakala ya jumbe zako inayotengenezwa usiku saa nane. WhatsApp huweka nakala za siku chache, hadi saba. Kwa mtu wa magrupu mengi kila faili inaweza kuwa MB 300, na saba zake ni GB 2. Zenye tarehe kwenye jina zinafutika. Isiyo na tarehe, ambayo jina lake linaanza na msgstore.db, usiiguse, hiyo ndiyo itakayokuokoa simu ikipata shida. Na folda ya Backups iache.

Sasa ziba bomba. Sehemu ile ile ya hifadhi na data kuna mpangilio wa faili kujishusha zenyewe, kwa mafungu matatu: ukitumia data ya simu, ukiwa kwenye Wi-Fi, na ukiwa kwenye mtandao wa kampuni nyingine, kama ukisafiri nje (roaming). Ondoa tiki ya video na nyaraka kwenye yote matatu. Watu huondoa ya data ya simu ili kuokoa bando, wanasahau ya Wi-Fi, halafu wakifika ofisini simu inashusha mizigo ya siku nzima kwa mkupuo. Ujumbe wa sauti utaendelea kushuka wenyewe hata ukizima yote, nao hauna madhara kama tulivyoona.

Mitego mitatu, na yote inanasa watu:

Kuzima media isionekane galari hakufuti kitu. Video zinaendelea kushuka na kukaa, ila sasa huzioni. Ni kama kufagia takataka chini ya mkeka.

Ukifuta mazungumzo, kuna kisanduku kidogo kinachouliza kama ufute pia media ya mazungumzo hayo kwenye simu. Bila tiki hiyo, jumbe zinaondoka, GB zinabaki, na sasa huwezi tena kuziona kupitia WhatsApp. Utabaki kuzitafuta kwa folda.

Jumbe za kujifuta zenyewe, za saa 24, siku 7 au siku 90, zinatoka kwenye mazungumzo, lakini kama kujishusha kwa faili kumewashwa, picha na video zinaweza kubaki kwenye simu.

Umefuta, na bado imejaa?

Angalia mapipa ya taka, kwa wingi. Google Photos inaweka ulichofuta siku 60 kama kilikuwa kimepandishwa mtandaoni, siku 30 kama hakikupandishwa. Files ya Google ina tupio lake la siku 30. Galari ya kampuni ya simu ina la kwake, na programu ya faili ya kampuni huenda ikawa na la nne. Video ya GB 2 uliyoifuta leo asubuhi bado imekalia GB 2 zile zile mpaka umwage pipa. Mtu anafuta saa nzima, anaangalia namba, haijasogea, anahitimisha kwamba simu ina virusi.

Kuhusu Google Photos kuna jambo la kushika vizuri. Ukifuta picha kawaida humo ndani huku imeunganishwa na akaunti, inafutika simu na mtandaoni kote. Kama unataka itoke kwenye simu ibaki mtandaoni, bonyeza picha yako ya wasifu pale juu, chagua kuongeza nafasi kwenye kifaa. Hapo inaondoa zile tu ambazo zimeshapanda.

Akiba, data, na vitufe viwili vinavyofanana

Kufuta akiba ni salama kwa programu zote. Itajijaza tena, na hiyo ndiyo kazi yake, kwa hiyo hakuna haja ya kuifuta kila siku. Kila mara utalipa bando kushusha upya vile vile. Mara moja kwa mwezi, na kwa programu nzito tu: TikTok, Facebook, Instagram, Chrome.

Kitufe cha jirani yake, kufuta hifadhi au data, kinairudisha programu kama ulivyoisakinisha siku ya kwanza. Kwenye programu ya benki au ya pesa za simu utaanza usajili upya. Kwenye TikTok, video zako ambazo hujazipandisha zimehifadhiwa ndani ya simu, siyo kwenye akaunti. Ukifuta data au ukiondoa programu zinakwenda nayo. Kwenye WhatsApp usithubutu kama huna nakala.

Telegram ni tofauti, na kwa uzuri. Faili zake zinakaa kwenye seva, kwa hiyo kilichomo ndani ya simu ni nakala tu. Ingia mipangilio, data na hifadhi, matumizi ya hifadhi, safisha yote. Hapo hapo weka muda wa kutunza media uwe mfupi, kama wiki moja. Anayefuata chaneli za muvi anaweza kupata GB 10 kwa dakika moja. Ukitaka kitu tena unakishusha tena.

Programu za kusafisha simu, zile za kufagia na roketi, sizishauri hata moja. Zinafuta akiba ambayo ungefuta mwenyewe, zinakaa nyuma zikila RAM, zinaleta matangazo, na zenyewe zinachukua nafasi.

Wapangaji wasioonekana

RAM ya kuongezwa. Simu nyingi za sasa zinatangazwa kuwa na RAM 8, ukisoma vizuri ni 4+4. Nne za pili ni kipande cha hifadhi kilichokatwa kikafanywa RAM. Kwa Tecno na Infinix inaitwa MemFusion, kwa Samsung ni RAM Plus, ambayo ipo kwenye utunzaji wa kifaa, sehemu ya memori. Kwenye simu ya GB 128 usihangaike nayo. Kwenye ya GB 32 iliyojaa, izime au ishushe kiwango, washa simu upya, na utarudishiwa GB zako. Kwa kuwa chipu ya hifadhi ni ya polepole kuliko RAM halisi, simu ya bei ndogo haipotezi mengi.

Kumbukumbu za hitilafu. Simu inaandika matukio yake ndani kwa ndani, na wakati mwingine haiachi. Kwenye Samsung, fungua sehemu ya kupiga namba, andika *#9900#, chagua kufuta dumpstate na logcat, basi. Vingine vya menyu ile viache. Kwenye simu zenye prosesa ya MediaTek, zikiwemo nyingi za Tecno na Infinix, tafuta folda inayoitwa debuglogger au mtklog. Kwa kawaida haipo au ni ndogo. Ikiwa ina GB kadhaa, kuna mtu aliwasha uandishi wa kumbukumbu kwenye menyu ya kihandisi, pengine fundi wakati wa matengenezo, na hakuuzima. Folda inafutika salama. Ikirudi, uandishi wenyewe ndio uzimwe.

Kuna pia folda za Xender (programu ya kurushiana faili) na Bluetooth, ambazo hupokea nakala za nyimbo na muvi ulizorushiwa, kurekodi simu kwa kila anayepiga, kama umewasha, na folda ya .thumbnails ndani ya DCIM au Pictures, ambayo ni picha ndogo za galari. Hiyo ya mwisho ukiifuta inajitengeneza tena, usiumie nayo isipokuwa imefika GB.

Kamera

Dakika moja ya video ya 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde, kwa mfumo wa kawaida wa kubana video wa H.264, ni kama MB 130. Kwa HEVC, ambayo pia huitwa H.265, ni kama MB 60. Ya 4K fremu 30 ni MB 350 kwa H.264. Ya 720p ni MB 60 kwa H.264. Hizi ni namba za iPhone, ila za Android haziko mbali sana. Ukirekodi sendoff ya dakika 40 kwa 1080p bila HEVC umetumia zaidi ya GB 5. Washa HEVC kwenye mipangilio ya kamera kama ipo, ila ujue laptopu ya zamani huenda isiicheze. Video ya kutuma WhatsApp irekodi kwa 720p. WhatsApp itaibana tu.

Kadi ya memori

Ni dawa nzuri kwa picha, video na muziki. Kwa programu ni dawa mbaya. Tangu Android 6.0 kuna chaguo la kuifanya kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Kadi inafungwa kwa simu ile moja, haisomeki kwingine. Ukiichomoa programu zinapotea. Simu ikifa, vilivyomo kwenye kadi vimekufa nayo. Samsung hawaliweki kabisa chaguo hilo, na simu nyingine nyingi nazo hazina. Ifomati kama kadi ya kubebeka, kisha ndani ya kamera chagua ihifadhi kwenye kadi. WhatsApp haina chaguo la kuhamisha folda yake kwenye kadi, usipoteze jioni ukilitafuta.

Angalia maandishi juu ya kadi. U1 au duara lenye 10 ni angalau MB 10 kwa sekunde, inatosha kwa picha na 1080p. U3 ni MB 30, kwa ajili ya 4K. Kadi za hadi GB 32 kwa kawaida zimefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika GB 4. Kubwa zaidi ya hapo ni exFAT.

Na kadi feki. Kadi ya TB 1 kwa bei ya sahani mbili za pilau haipo. Iliyopo ni chipu ya GB 8 au 16 iliyofundishwa kusema uongo. Simu inaiona TB 1, unajaza, majina ya faili yote yanaonekana, ila baada ya GB 8 za kweli kinachofuata kinaandikwa juu ya cha kwanza au kinaangukia hewani. Unagundua siku unayotaka kuonyesha video ya msiba na haifunguki. Ipime siku ile ile ya kununua, kabla risiti haijapotea: kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux au Mac tumia F3. Zote zinajaza kadi nzima, kisha zinasoma kilichoandikwa na kulinganisha. Kadi ya GB 64 kwa kasi ya MB 20 kwa sekunde itachukua kama dakika 55 kuandika tu, kusoma bado. Acha inaendelea, kapike.

Pa kuhamishia

Google inatoa GB 15 bure, lakini ni za Gmail, Drive na Photos kwa pamoja. Kupandisha picha bila kikomo kuliisha tarehe 1 Juni 2021, na nakala za WhatsApp za Android zilianza kuhesabiwa humo humo mwaka 2024. Zikijaa, hata barua pepe zinaacha kuingia. Tena kupandisha kunadai muda na bando: GB 5 kwa kasi ya Mbps 2 ni saa tano na nusu.

Waya wa USB na laptopu unashinda hapo. Chomeka, fungua loki ya simu, chagua kuhamisha faili, nakili DCIM na folda ya com.whatsapp. Nakili, usikate. Waya ukichezacheza katikati ya kukata, faili inaweza kupotea pande zote mbili. Linganisha idadi na ukubwa, fungua video mbili tatu za katikati na za mwisho, ndipo ufute kwenye simu. Asiye na laptopu, flashi ya OTG, ile inayochomekwa kwenye simu moja kwa moja, yenye ncha ya USB-C inafanya kazi hiyo hiyo kupitia programu ya faili.

iPhone

Haina kadi, kwa hiyo mambo ni machache. Mipangilio, Jumla, Hifadhi ya iPhone. Tangu iOS 11 unaweza kuruhusu programu usizotumia ziondolewe zenyewe huku data zake zikibaki. Albamu ya zilizofutwa karibuni inashikilia picha siku 30, imwage. WhatsApp inasafishwa kwa ile ile njia ya kusimamia hifadhi.

Kuanza upya

Kuflashi simu hakuongezi GB. Fundi akikuambia hivyo, anabadilisha programu ya mfumo tu, chipu ni ile ile. Wapo mafundi wa bodi wanaong'oa chipu ya hifadhi na kuweka kubwa zaidi. Ni kazi ya joto na mkono mtulivu, na kwa simu ya bei ndogo gharama yake inakaribia simu nyingine.

Kurudisha simu kama ilivyotoka kiwandani kunafaa pale fungu la mfumo limevimba na yote ya juu hayajasaidia. Kabla hujabonyeza, hakikisha unakumbuka barua pepe na nywila ya Google iliyomo, maana simu ikiwaka inaweza kuidai, na hapo bila hiyo imefungwa. Folda nzima ya com.whatsapp iwe imeshanakiliwa nje. Simu ikishawaka, irudishe folda hiyo mahali pake ndani ya Android/media kwanza, ndipo usakinishe WhatsApp na kuithibitisha kwa namba ile ile. Itaikuta nakala na kukuuliza kama irejeshe. Ikimaliza tu, kabla hujajibu hata salamu moja, nenda ukaondoe zile tiki za video, ya Wi-Fi ikiwemo.